Makaburi ya Nguzo: Yanavyobomoka na Yanavyotunzwa

Katika mwambao wa Afrika Mashariki, kuanzia visiwa vya Lamu hadi pwani ya kusini mwa Tanzania, yapo makaburi ya kale ya Waislamu ambayo wataalamu huyaita makaburi ya nguzo, kwa kuwa ukuta wake wa upande wa kichwani umesimamishiwa mnara wa mawe unaoweza kuzidi kimo cha mtu mara mbili au tatu. Yale ya Kaole, karibu na Bagamoyo, na ya Gede na Mambrui, karibu na Malindi, yanafahamika na hupata wageni, lakini mengine mengi yamezama vichakani na kwenye mashamba ya minazi, bila uzio wala kibao.

Makaburi hayo yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, kisha kuizima kwa maji. Juu ya lipu laini yalipachikwa mabakuli ya kauri kutoka China na nchi za Kiislamu, ishara ya utajiri wa marehemu na ukoo wake. Leo katika makaburi mengi kilichobaki ni vishimo vya mviringo tu, kwa sababu mabakuli yaling'olewa na wezi au yalivunjika katika kung'olewa. Mvua huingia katika nyufa, mbegu ya mti huota humo, na mizizi ikishanenepa hupasua ukuta. Hata hivyo, kuung'oa mti huo kwa pupa ni kosa, kwani mara nyingi mizizi ndiyo inayoyashika mawe yaliyolegea. Ni heri kuukata polepole, kisiki kikauke mahali pake.

Madhara makubwa zaidi, pengine, huletwa na watu wenye nia njema. Saruji, ambayo fundi yeyote huinunua dukani, ni ngumu kuliko matumbawe na haipitishi unyevu vizuri, kwa hiyo maji na chumvi ya bahari hunaswa nyuma yake na kulimumunya jiwe lenyewe, hata lipu jipya likabanduka pamoja na sehemu ya ukuta wa zamani. Chokaa, kinyume chake, huruhusu ukuta kupumua. Nayo maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa hayafai kusuguliwa kwa brashi ya chuma wala kufunikwa kwa rangi. Kuyapiga picha jua likiwa limeinama, wakati vivuli vinapozidhihirisha herufi, hakugharimu kitu.

Penye jamii inayoyahesabu makaburi kuwa yake, uangalizi huja wenyewe. Mji wa Takwa, kisiwani Manda, ulihamwa yapata mwishoni mwa karne ya 17, lakini watu wa Shela, wanaojinasibu na wakazi wake wa zamani, wameendelea kwenda kwenye kaburi la nguzo la huko kuomba mvua. Njia inayopitwa haigeuki kichaka.

Sheria peke yake haifiki huko. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Kaburi la baada ya hapo, hata likiwa na nakshi nzuri kiasi gani, hubaki nje ya ulinzi huo mpaka litangazwe rasmi, na kaburi ambalo halijaandikwa popote ni vigumu kutangazwa.