Dini Ni Ngao Kortini, Lakini Si Kichaka cha Kujifichia



Hapa kwetu Kericho na Bomet, kikundi kimoja huwa na watu wa makanisa mengi: Wakatoliki, Africa Gospel, AIC, Wasabato na wengine. Tuseme kazi ya pamoja kwenye kitalu cha miche ya chai imewekwa Jumamosi. Msabato haji. Anapigwa faini, anakataa kulipa, na kikundi kinampeleka kortini. Je, anaweza kujitetea kwa dini yake?

Ndiyo, anaweza. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Na haki hizi zinamfunga kila mtu, si Serikali peke yake. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wanafunzi Wasabato waliotaka kuachiliwa Jumamosi wakaabudu.

Lakini ngao hiyo ina mipaka. Kifungu cha 24 kinakubali haki ipunguzwe kwa sheria, mradi kuna sababu ya maana. Kwa hivyo hakimu hupima pande zote mbili. Na deni ni jambo lingine: aliyekopa pesa za kikundi kwa hiari yake asitegemee dini imfutie.

Tena, utetezi upitie mlango wake. Kanisa la Methodist lilienda kortini kupinga wasichana Waislamu kuvaa hijabu katika shule yake huko Isiolo. Mzazi mmoja akaingia kwenye kesi akidai haki ya dini. Mwaka wa 2016 Mahakama ya Rufaa ilimkubalia. Mwaka wa 2019 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, kwani dai lake halikuletwa kwa utaratibu unaofaa. Miaka yote hiyo, halafu basi!

Sisi tunaona afadhali kuzuia kesi kuliko kuishinda. Andikeni katika katiba ya kikundi: asiyeweza kufanya kazi siku yake ya ibada atafanya zamu siku nyingine. Mikopo nayo iandikwe na itiwe sahihi. Na mkiitwa kortini, mwoneni wakili mapema, si asubuhi ya kesi.

Jadilianeni:
1. Siku yetu ya kazi inamfungia nani nje?
2. Je, faini zetu zinaadhibu uvivu, au zinaadhibu imani?