Virusi Vilivyovaa Mafuta

Mtoto anarudi kutoka shule Jumatano jioni akipiga chafya. Ijumaa dada yake analalamikia koo. Jumapili mama hainuki kitandani, na katikati ya wiki inayofuata bibi ndiye anayehema kwa shida. Watu husema ni hali ya hewa imebadilika, lakini hesabu ya siku inasimulia habari nyingine. Virusi vya homa ya mafua vikishaingia mwilini huchukua siku moja hadi nne, mara nyingi mbili, kabla dalili hazijajitokeza. Tena mtu mzima huanza kuambukiza wenzake takriban siku moja kabla hajajua kuwa anaumwa. Ugonjwa ule haukuletwa na mvua. Ulipita humo humo ndani, kwa mikono na kwa pumzi, kutoka kwa mtoto hadi kwa bibi.

Kirusi kimoja kina kipenyo cha nanomita 100 hivi, maana yake ukivipanga mstari utapata kama 10,000 katika milimita moja. Ndani kimebeba maagizo ya kujizalisha, na nje kimevaa utando laini wa mafuta kilioupora kwenye seli ya mtu kilimotokea. Juu ya utando huo zimejichomeka protini ambazo ndizo funguo zake za kuingilia kwenye seli za pua na koo. Utando ukiraruka, funguo hazina tena pa kushikilia, na kirusi hakiwezi tena kumwambukiza mtu.

Hapo ndipo sabuni inapoingia. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine huyakimbia maji na kujipenyeza kwenye mafuta. Unaposugua mikono, ncha hizi za pili hujichomeka kwenye utando wa kirusi na kuupasua, kisha maji hubeba mabaki yote. Aliyewahi kuosha kwa maji matupu sufuria iliyokaangiwa samaki anajua kwa nini maji peke yake hayatoshi. Kazi hiyo inahitaji muda, angalau sekunde 20, na inahitaji kusugua: katikati ya vidole, chini ya kucha, na kidole gumba ambacho wengi hukisahau. Maji ya moto si lazima. Ya bombani yanatosha.

Wala huhitaji sabuni ya bei mbaya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliofanyika katika mitaa maskini ya Karachi nchini Pakistani, familia zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa mara kwa mara zilipata karibu nusu tu ya visa vya nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5, zikilinganishwa na familia ambazo hazikupewa. Baadhi ya familia zilipewa sabuni ya kawaida, nyingine sabuni yenye dawa ya kuua bakteria, na matokeo yalikuwa yale yale. Kipande cha sabuni ya mche kinafanya kazi kama ile ya kwenye chupa yenye tangazo la televisheni.

Tatizo letu kubwa ni namna tunavyonawa. Bakuli moja la maji linazungushwa mkekani, watu sita wanachovya vidole kwa zamu, na wa mwisho ananawa uchafu wa watano waliomtangulia. Huko si kunawa. Mtu mmoja ashike jagi awamiminie wengine, na kila mmoja apewe sabuni kabla ya maji ya kusuuza. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi kinatosha kabisa: dumu la lita tano lililotobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia kwa mguu, na sabuni inayoning'inia pembeni. Uzuri wake ni kwamba hakuna anayeligusa dumu kwa mkono mchafu. Mwaka 2020 karibu kila duka na kila ofisi ilikuwa na ndoo yenye koki mlangoni. Leo nyingi zimegeuzwa za kuhifadhia unga. Korona ilitufundisha tabia nzuri tukaiacha mapema mno.

Kuhusu vitakasa mikono, vinafaa ukiwa safarini, ila vina udhaifu wake. Mwaka 2019 watafiti wa Kyoto, Japani, walionyesha kuwa virusi vya mafua vilivyomo kwenye kamasi mbichi viliendelea kuwa hai kwa zaidi ya dakika mbili baada ya kuwekewa kitakasa chenye kileo, kwa sababu kamasi huzuia dawa kupenya. Ukishampangusa mtoto pua, tafuta maji na sabuni.

Na tukiwa hapo kwenye kupangusa pua, lazima tuliseme pindo la khanga. Linampangusa mtoto kamasi asubuhi, linafuta jasho mchana, linashikia kifuniko cha sufuria jioni. Virusi vya mafua huweza kudumu kwenye kitambaa hadi saa 8 au 12, na kwenye chuma na plastiki kama kitasa, rimoti na simu, hata saa 24 hadi 48. Juu ya ngozi ya mkono hufa haraka, ndani ya dakika chache. Ila dakika chache zinatosha: wanafunzi wa udaktari waliorekodiwa kwa video wakiwa darasani Australia walijigusa uso wastani wa mara 23 kwa saa. Kwa hiyo mtoto awe na kitambaa chake, kifuliwe kila siku, na akipiga chafya bila kitambaa azibe kwa kiwiko badala ya kiganja. Akina mama wanaofyonza kamasi za kichanga kwa mdomo nao watafute njia nyingine.

Mikono, hata hivyo, ni mlango mmoja tu, na huenda si ule mkubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, mwaka 2018, walikuta virusi hai kwenye pumzi za wagonjwa wa mafua hata wasipokohoa. Chembe hizo ndogo huelea ndani ya chumba kilichofungwa. Ndiyo maana dirisha ni kinga halisi, chumbani na kwenye daladala pia, hata kondakta akinung'unika kwamba mvua inaingia. Mgonjwa alale peke yake inapowezekana. Isipowezekana, walale mzungu wa nne, kichwa huku na miguu kule, na dirisha likae wazi kadiri mbu na usalama vinavyoruhusu. Mama anayenyonyesha akiugua aendelee kunyonyesha, ila anawe kwanza na kuvaa barakoa.

Mkazo huu wote ni kwa ajili ya wachache ndani ya nyumba. Kijana mwenye afya ataumwa wiki moja akapona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu 290,000 hadi 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yatokanayo na homa ya mafua, na walio hatarini zaidi ni wazee, watoto wadogo, wajawazito, na wenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au virusi vya UKIMWI. Basi mjukuu mwenye mafua atoe shikamoo yake akiwa mlangoni. Kumbusu bibi mkono kusubiri wiki ijayo, na bibi hatakasirika akielezwa sababu. Chanjo ya mafua nayo ipo na hutolewa kila mwaka. Waulizie wazee wako kituo cha afya kilicho karibu.

Viuavijasumu haviui virusi, kwa hiyo usinunue vidonge vya rangi mbili kwa ajili ya mafua. Mtoto asipewe aspirini. Na ukiona mgonjwa anapumua kwa kasi, mbavu zinabonyea, midomo inageuka rangi, anachanganyikiwa, au homa iliyoshuka imerudi kwa nguvu, usisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huo huo.