SIRI YAKO UNAMPA NANI? GOOGLE SI PEKE YAKE MJINI!

Saa sita za usiku. Umejifunika shuka gubigubi, simu mkononi, unaandika swali ambalo hata rafiki yako wa chanda na pete hujamwambia: "dalili za kisonono". Unapata majibu, roho inatulia, unalala. Kesho yake mwenzio anaazima simu atafute matokeo ya Simba na Yanga. Anagusa tu kile kisanduku, swali lako la jana linachungulia. Kasheshe!

Mpenzi msomaji, usicheke. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani iliyaanika hadharani maswali kama milioni 20 waliyoandika wateja wake wapatao 650,000. Majina yalitolewa, zikawekwa namba. Wapi! Waandishi wa New York Times walisoma maswali ya namba moja tu, wakaunganisha hili na lile, wakamfikia mwenyewe hadi nyumbani kwake.

Vijana wengi wanamjua Google tu, aliyeanza 1998. Tusimwonee, jamaa ni fundi. Ukitaka mtaa, duka au ratiba ya mechi, anakupa chap chap. Ila ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, anaweza kuyatunza maswali yako mpaka uyafute. Wenzake ni hawa:

DUCKDUCKGO: Mmarekani wa 2008. Anasema hamfuatilii mtu wala hamwekei faili. Matangazo yake yanafuata neno uliloandika dakika hiyo: umeandika viatu, unaona viatu, basi.

STARTPAGE: Yupo Uholanzi. Huyu ni kama tarishi. Anakuletea majibu ya Google bila kumwambia Google nani kauliza.

ECOSIA: Wa Berlin, 2009. Faida ya matangazo yake inakwenda kwenye kupanda miti. Unatafuta mapishi ya pilau, kuna mtu anachimba shimo la mche.

BRAVE SEARCH: Mgeni wa 2021. Anajitafutia majibu kwenye ghala lake mwenyewe.

Hilo la ghala si dogo, bwana. Tarehe 23 Mei 2024 mitambo ya Bing, mali ya Microsoft, ilipata hitilafu. DuckDuckGo na Ecosia nao wakakwama! Kumbe sehemu kubwa ya majibu yao walikuwa wanachota huko huko. Maduka mengi, ghala moja. Kwa hiyo ukihama, usibaki na mlango mmoja tena.

Na usijidanganye. DuckDuckGo kutokuandika faili lako hakufuti kumbukumbu zilizobaki ndani ya simu yako. Hizo uzifute mwenyewe. Na kama umeingia kwa kompyuta ya ofisini, bosi naye anaweza kuwa na njia zake za kuchungulia.

Sasa ufanyeje? Huna haja ya kumfukuza Google. Gawa kazi. Njia ya kwenda harusini Tabata, bei za simu, matokeo ya mpira, muulize yeye. Ugonjwa, madeni, mimba, ndoa inayoyumba, mpelekee asiyeweka daftari. Kumbadilisha ni kuingia tu kwenye mipangilio ya programu unayofungulia intaneti na kuchagua mwingine. Dakika mbili hazifiki.

Mjini shapu, lakini ya chumbani muulize anayejua kunyamaza.