Mama mmoja, viondo vinne: ususi usiolala wa Kitui na Makueni

Mshika mbili moja humponyoka, walisema wazee wetu, nasi tumekuwa tukiwaonya watoto kwa maneno hayo hayo. Lakini mwenye kupanda basi Mombasa akaelekea bara, akapita Voi, akavuka Mtito Andei na kuingia Kibwezi, huuona msemo huo ukitiwa majaribuni. Pale basi linaposimama, kando ya duka au chini ya mti, utamwona mama wa Kikamba ameketi na leso yake kiunoni, mikono haitulii. Mkononi ana kiondo kilichofika nusu. Ubavuni pake pana mfuko, na ndani ya mfuko huo kipo cha pili, ambacho kimebakia ukingo tu, na cha tatu ambacho kwanza ni kitako, hakijazidi ukubwa wa kisahani cha kikombe cha kahawa. Cha nne amekiacha nyumbani, nacho ndicho kikubwa kuliko vyote. Hakuna hata kimoja kilichomponyoka.

Sisi wa Pwani, ndugu msomaji, hatuna haki ya kustaajabu sana. Nani kati yetu asiyemkumbuka bibi aliyesuka ukili huku akizungumza, huku akimkemea mjukuu, huku akiangalia chungu jikoni, na ukili ukizidi kurefuka kama kwamba unajisuka wenyewe? Na nani asiyejua habari za kofia? Marehemu shangazi yangu alikuwa mshonaji wa kofia za vito. Hakuwa na kofia moja hata siku moja. Moja ilikuwa ya mtu aliyekwisha lipa, moja ya mtu aliyeahidi kulipa, na moja ya mwanawe ambayo kila mwaka ilingojea. Ikikaribia Idi nyumba nzima ilitiwa wasiwasi. Nakumbuka usiku mmoja wa kuandama mwezi, mwenye kofia amekaa barazani akinywa chai ya tatu, na shangazi ndani chini ya taa akimalizia upande wa mwisho. Yule bwana aliswali Idi na kofia yake. Mwanawe shangazi aliswali na ya mwaka juzi.

Basi habari za mama wa Kitui na Makueni ni za jamaa wa karibu, ijapokuwa nyuzi ni nyingine na mkono ni mwingine.

Kikamba huita kikapu hiki kyondo, na vikiwa vingi ni syondo. Sisi tumekiingiza katika Kiswahili chetu kwa jina la kiondo. Kazi yenyewe wao huiita kutuma. Mtu wa Mombasa akisikia mama anasema anatuma kiondo, atauliza anamtumia nani na kwa basi gani! Kumbe hatumi kitu popote, anasuka.

Uzi ndio mwanzo wa mambo yote, na uzi hauuzwi tayari kama wa fundi cherehani. Aghalabu hutoka katika mkonge. Jani hukatwa, hupasuliwa vipande virefu, kisha hukwanguliwa kwa kisu mpaka nyama ya kijani imetoka na nyuzi nyeupe zimebaki. Maji ya jani hilo huwasha ngozi, na aliyefanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Vipingo hahitaji kuelezwa. Nyuzi huoshwa, huanikwa juani, ndipo zinaposokotwa. Na hapa hapana chombo wala mashine. Mama huketi, huweka nyuzi mbili juu ya paja, huzisukuma kwa kiganja mpaka kila moja imejipinda, halafu huzirudisha nyuma pamoja ili zishikane ziwe kamba moja nyembamba. Mara elfu na elfu. Mimi nilijaribu. Nilipata kitu kama mkia wa panya aliyelowa, na paja likawa jekundu.

Mkonge wenyewe si mwenyeji wa nchi hizi. Uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaenea baadaye mpaka Kenya, na Kibwezi hadi leo kuna shamba lake kubwa. Ususi lakini ni wa kale kuliko mkonge. Kabla yake akina mama walitumia nyuzi za maganda ya vichaka vya porini, na hasa ganda la ndani la mbuyu. Mbuyu ni mti wa heri, maana ukiubambua ganda haufi. Hujifunika upya polepole. Sisi tunaujua mbuyu kwa mabuyu ya rangi tunayowanunulia watoto. Wao wanaujua kwa uzi pia, na kiondo cha uzi wa mbuyu, wenye rangi ya udongo na ulaini wake, wajuzi wanakitafuta kuliko cha mkonge.

Ususi huanzia chini. Nyuzi chache hukingamishwa, na hizo ndizo za kusimama. Nyingine mbili huzizunguka, moja mbele na moja nyuma, zikipishana kila hatua. Kitako kikipanuka huongezwa nyuzi mpya za kusimama, na hapo ndipo anapojulikana fundi na mwanafunzi. Ukiongeza mapema kitako hupinda kama kofia ya jua. Ukichelewa, kiondo hujikunja kikawa chungu kabla ya wakati. Hakuna sindano wala kiunzi. Macho yanahesabu na vidole vinahesabu.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Kwa nini vinne? Kwa nini asimalize kimoja ndipo aanze kingine, kama mwalimu anavyowafundisha watoto?

Ukitazama kwa makini utaona kwamba kila kiondo kina mahali pake na saa yake. Kile kidogo ni cha njiani. Mama anapokwenda mtoni, au sokoni, au kwenye mwethya, yaani kile chama cha kusaidiana kilicholima matuta ya vilima vya Ukambani, mikono yake haina kazi wakati wa kutembea. Basi kitako kidogo hukaa kiganjani na nyuzi zake zimening'inia. Kiondo kikishapanuka hakibebeki tena kwa namna hiyo. Hapo huhamia nyumbani, na kitako kipya huchukua nafasi yake njiani. Kile kikubwa ni cha kivulini, cha saa za alasiri, wakati mtama umekwisha anikwa na wageni wanakuja kuzungumza. Hakihitaji fikra, milia yake ni ya kuzunguka tu, na mama aweza kucheka na kulaumu na kusikiliza matanga yote ya kijiji bila ya kukosea.

Cha tatu ndicho cha oda, na hiki hakitaki mazungumzo. Kina mapambo ya kuhesabiwa, pembe na ngazi za rangi zinazotakiwa kukutana sawasawa zikizunguka. Ukikosea uzi mmoja asubuhi, jioni utaona pembe mbili zimepishana, nawe utafumua kazi ya kutwa. Mama hukishika kiondo hiki asubuhi nuru ikiwa safi, na mgeni akibisha hukiweka chini akashika kingine. Wala usifikiri ni dharau kwamba mtu anasuka ukizungumza naye. La! Akiweka kazi chini kabisa ndipo uogope, maana ana jambo la kukuambia.

Cha nne ni cha nafsi yake. Hicho husukwa kwa mabaki: uzi wa rangi uliosalia, uzi wa sufu wa sweta kuukuu lililofumuliwa, nyuzi za gunia. Hakina tarehe. Pengine ni cha binti atakayeolewa, pengine ni cha kuwekea mbaazi. Kwa maoni yangu vile vizuri kabisa nilivyowahi kuviona vilikuwa vya namna hiyo, na havikuwa vinauzwa.

Ziko sababu nyingine za kuacha kiondo njiani. Rangi huchemshwa katika sufuria, na ikiisha, sufuria ya pili haitoki sawa na ya kwanza hata ufanyeje. Uzi ukikauka kupita kiasi hukwaruza vidole. Na juu ya yote ni mvua. Ukambani wenye kutegemewa zaidi ni mvua ya vuli, ile ya Oktoba mpaka Disemba. Ikinyesha, kila mkono uko shambani na viondo vyote hutundikwa ukutani, kila kimoja pale kilipokatizwa. Mwezi wa pili au wa tatu mavuno yakiingia, hushushwa, na mama hujua kwa kukigusa tu alikuwa amefika hesabu gani.

Lakini tusijidanganye kwamba haya ni mapenzi ya sanaa peke yake. Nusu kiondo hakinunuliwi. Kwa hiyo mwenye viondo vinne vya nusu ana jasho la wiki nyingi lakini hana senti. Ndiyo maana mwenye busara huweka daima kimoja ambacho kimekaribia ukingo, asikimalize. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa karo siku ya Jumatatu, kiondo kile humalizwa usiku na siku ya soko huuzwa. Ni akiba, ila imesukwa.

Na bei? Hapa ndipo penye uchungu. Mchuuzi huja na kuchukua vitupu, bila ya mikanda. Mikanda ya ngozi na vifungo hutiwa mjini, mara nyingi na mafundi wa kiume, na kiondo kikitoka huko bei yake imepanda mara kadha wa kadha. Aliyesokota uzi pajani haioni bei hiyo. Oda ikiwa kubwa, kikundi hugawana, na mchuuzi hutaka vyote vifanane kimo na rangi. Mmoja akiugua, mzigo mzima hungoja, na ndiyo sababu utawaona wengine wakichukua kiondo cha mwenzao na kukimaliza, ingawa mkono hauwi sawa.

Miaka ya 1970 na 1980 viondo vilipata soko kubwa Ulaya na Marekani, wasichana wa huko wakivitundika begani. Fedha ziliingia vijijini. Ikaja njaa ya mwaka 1984, ambayo Wakamba wanaiita nikw'a ngwete, maana yake nakufa nikiwa nazo: watu walikuwa na pesa mkononi na dukani hapana chakula. Halafu viwanda vya Mashariki ya Mbali vikaiga mtindo ule, vikatoa vikapu vya mashine kwa bei ambayo paja la mtu haliwezi kushindana nayo. Soko likaanguka. Tarehe 28 Agosti 2017 Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, watu wa mijini walikumbuka tena kikapu, na viondo vikaonekana tena sokoni mwetu Marikiti.

Wala si mara ya kwanza mzigo wa Ukambani kuteremka huku. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilileta pembe za ndovu Mombasa, na jina la Kivui Mwenda wa Kitui lilijulikana mpaka Rabai. Nasi tuliacha jina letu huko: mji wa Sultan Hamud, Makueni, umeitwa kwa jina la Sultani Hamud bin Muhammad wa Unguja, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902. Wachongaji wa Kikamba wa Changamwe kila mtu anawajua, maana watalii hupelekwa kwao kwa mabasi. Dada zao na mama zao wasusi hakuna basi linalowaendea.

Namaliza kwa aibu yangu. Nilinunua kiondo Emali. Yule mama alikuwa mtu mzima, nikamwita mwaitu, ambalo ni neno la Kikamba la heshima kwa mama, akafurahi, akanitajia bei. Nami kwa mazoea ya kwetu nikaikata nusu. Tukavutana, na muda wote huo mikono yake ilikuwa inasuka kingine. Dereva akapiga honi, akakubali haraka. Nilishinda. Alinipa kiondo, akapokea noti, akaifunga katika pembe ya leso, na kabla sijapanda basi alikwisha toa kingine mfukoni akakiweka mahali pa kile nilichochukua.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikigeuza akakitazama kitako, kama afanyavyo kwa kila kikapu. Akanionyesha kidole. Karibu na chini pana mlia wa zambarau uliozunguka robo tatu, kisha ukaendelea kwa zambarau nyingine iliyopauka kidogo. Hapo rangi ilikuwa imemwishia, na alikingojea kiondo kile mpaka apate nyingine. "Umemlipa ngapi?" mke wangu akaniuliza, nami nikamtajia bei ile ya kwanza.