Tuoke na Watoto (3): Mchele wa Pemba na Mkate wa Kumimina

Tangu Mei 2024, Serikali ilipozindua mkakati wa kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, habari za majiko ya gesi hazikauki magazetini. Wasomaji wananiuliza: mkate wetu wa kumimina, ule wa mchele, unataka makaa chini na juu ya kifuniko; makaa yakiondoka, mtoto atajifunzia wapi kuoka? Nitajibu. Lakini kwanza, hamira tumekwisha iongelea katika makala zilizotangulia, na mchele unadai haki yake.

Kaskazini mwa Pemba, huko Tumbe, palikuwa na makazi makubwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Wanaakiolojia walipochekecha udongo wake walikuta punje zilizoungua, na nyingi zilikuwa za uwele. Jirani yake ni Chwaka, mji wa misikiti ya mawe ulioanza karne ya 11. Huko mtaalamu wa mabaki ya mimea, Sarah Walshaw, alikuta mchele ndio umetawala. Watu walewale wa pwani walibadili nafaka yao! Hata msafiri Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali wa samli na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Mchele ulikuwa heshima ya mgeni. Leo mtoto wa Wete anadhani kuoka ni kufungua pakiti ya unga wa keki uliokwisha changanywa kiwandani. Hilo ni kosa letu wazazi. Mkalishe na ungo, achambue mchele, na huku akichambua umsimulie habari za Chwaka.

Mchele ukilala majini usiku kucha, husagwa kwa tui zito, ukatiwa sukari, iliki na hamira. Mtoto wa miaka minne anaweza kumenya iliki, na asiposhiba kuzila, basi zitatosha. Mwache pia achovye kidole katika maji ya hamira: yawe ya uvuguvugu tu, kwa sababu maji ya moto huviua vile viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa hewa inayoliumua rojo. Akifunua kitambaa kila mara kutazama mapovu, usimkaripie. Kutazama kule ndiko kunakozaa mapenzi ya kuoka, si kumpa keki iliyokwisha iva aipake krimu ya rangi. Mwalimu Maria Montessori alilijua hili alipofungua nyumba yake ya watoto mtaani San Lorenzo, Roma, mwaka 1907: aliwapa watoto kazi za kweli na vyombo vinavyowatosha mikononi. Sisi tunawapa simu. Na watoto wa kiume tunawafukuza kabisa jikoni, kisha wakikua tunashangaa hawajui hata kuchemsha chai.

Sasa gesi. Kwa usalama wa mtoto, kuondoka kwa makaa ya juu ya kifuniko ni nafuu tupu. Mwenye oveni awashe moto wa juu na wa chini, basi. Asiye nayo atumie sufuria nzito iliyofunikwa, moto mdogo. Vitundu vikishatoboka na uso ukakauka, augeuzie mkate kwenye kikaango cha samli ili juu napo papate rangi. Kugeuza ni kazi ya mtu mzima. Kijiti cha kuchomekea katikati, kuona kama umeiva, ashike mtoto.