Tulifunga sola, giza likatufuata hadi ndani

Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipotea sehemu kubwa ya Kenya. Hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Mimi nilikuwa nyumbani Mutituni, nje kidogo ya mji wa Machakos, nikihariri video ya harusi niliyoahidi kutuma asubuhi. Sikuituma. Mteja akahama, na ile doo ikahama naye.

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo ilikuwa imegoma. Kazi za video ndizo zilikuwa zinanishikilia. Basi nikaanza kumsumbua mamangu: "Mwaitu, tufunge sola. Jua la Ukambani ni la bure." Niliimba wimbo huo hadi Januari 2024, akaenda kwa chama chake akachukua mkopo wa Sh65,000. Angelipa Sh6,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Huyu ni mama wa kuuza mboga sokoni, kwa hivyo elewa hiyo si pesa ya mchezo.

Fundi akaleta paneli ya wati 200, betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, na inverta. Jioni hiyo tuliwasha kila kitu. Majirani wakaja kuchaji simu. Miezi kadhaa tulijiona mabwanyenye.

Kisha Julai ikaja. Kama umeishi huku vilimani unajua baridi yake: ukungu asubuhi, mawingu hadi mchana. Stima ya sola ikaanza kuzima saa tatu usiku, halafu saa mbili. Mwisho wa Agosti betri ilikuwa imevimba tumbo. Mama akatoa koroboi yake chini ya kitanda. Mkopo ulikuwa umebaki miezi mitano.

Hakunigombeza. Alikaa tu mezani akihesabu noti za chama kwa mwanga wa koroboi. Afadhali angenitukana.

Haya ndiyo niliyojifunza, tena kwa pesa ya mtu mwingine.

Hesabu kwanza, nunua baadaye

Jua ni la bure, betri si ya bure. Betri yetu ilikuwa na wati-saa 1,200 kwa karatasi (12 mara 100). Lakini ilikuwa ya risasi na asidi, na hiyo ukiizoesha kushuka chini ya nusu, unaiua polepole. Kwa hivyo tulikuwa na 600 tu za kutumia.

Sasa ona: TV ya wati 60 kwa saa nne ni 240. Laptopu ya wati 60 kwa saa tano ni 300. Taa tano za wati nane kwa saa nne ni 160. Jumla 700. Tumeshavuka, na bado sijataja wufa yangu, wala inverta yenyewe ambayo hunyonya chaji hata kama hujachomeka kitu. Pasi na birika la stima usiyaguse kabisa kwa mtambo mdogo kama huu.

Angalia jua linapita wapi

Paneli yetu ilifungwa upande wa mabati unaotazama barabara, ionekane. Upande huo ni kusini. Machakos iko kusini kidogo mwa ikweta, na katikati ya mwaka jua huwa limehamia kaskazini. Toka nje adhuhuri mwezi wa Juni, utaona kivuli chako kimelala kusini. Yaani miezi ile ya mawingu, ambapo tulihitaji kila mwale, paneli ilikuwa imelipa jua kisogo. Halafu jioni kulikuwa na kivuli cha mwembe. Huku kwetu, ielekeze kaskazini, iinamishe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Wakati wa kiangazi ioshe mwenyewe kwa maji matupu, alfajiri, kioo kikiwa bado baridi.

Uliza makaratasi

Mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi. Sisi hatukuuliza. Tuliporudisha betri dukani, tukaambiwa risiti haina nambari ya betri, basi hakuna waranti. Kabla hujalipa, dai leseni, na hakikisha nambari ya kila kifaa imeandikwa kwa risiti.

Ile miezi mitano ya mkopo nililipa mimi. Nilikuwa nabeba laptopu hadi kwa rafiki yangu mjini, nahariri usiku, narudi na matatu ya kwanza. Mkopo ulipoisha nikaanza kuweka akiba ya betri ya lithiamu. Ni ghali kuliko ile ya kwanza, lakini unaweza kuitumia zaidi ya nusu bila kuiua, na hukaa miaka mingi zaidi. Paneli tuliihamisha upande wa pili wa mabati, na stima ya kawaida hatukuikata. TV iko huko.

Siku hizi mama ndiye meneja wa kawi. Kila jioni huangalia chaji kabla hajaketi, na ikiwa chini, wufa yangu ndiyo ya kwanza kuzimwa. Koroboi ameirudisha chini ya kitanda. Nilimwambia aitupe. Akanitazama tu.