Feni Ikikoma: Kuitunza Prosesa Kuukuu katika Joto la Kasese na Bwera

Mji wa Kasese umekaa katika Bonde la Ufa, chini ya milima ya Rwenzori, ambayo kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, hufika mita 5,109 na kingali kimevaa barafu. Walakini barafu hiyo haimpunguzii jasho aliye chini, kwani mji wenyewe uko kwenye kimo cha mita elfu moja hivi, karibu mno na Ikweta, na adhuhuri za kiangazi joto lake hufika nyuzi 30 za Selsiasi. Ulikuzwa na shaba ya Kilembe na reli iliyoufikia mwaka 1956, na leo shughuli zake zimeenea tangu saruji ya Hima na chumvi ya Katwe hata soko la mpakani la Mpondwe, jirani na Bwera, ambako wachuuzi wa Kongo huvuka kutoka Kasindi na Kiswahili chao mdomoni. Katika maduka ya kuchapa na kunakili, katika shule na katika afisi, kazi hufanywa kwa kompyuta, na si haba kati ya hizo zilikwisha kutumika ng'ambo kabla ya kuja huku kuanza maisha ya pili.

Katika kompyuta ya umri huo, kiungo kitanguliacho kufa aghalabu si kile chenye thamani, bali ni feni ndogo iliyokaa juu ya prosesa, kwa sababu huzunguka saa zote ambazo mashine imewashwa, na kila kizungukacho huchakaa. Feni hiyo ikikoma, mwenye mashine hudhani kuwa kompyuta yote imetimiza ajali yake, ilhali kilichokufa ni sehemu ya bei rahisi, ambayo dawa yake imo katika uwezo wa fundi wa mtaani, almuradi aijue njia ambayo joto hupita.

Prosesa ni kipande cha silikoni ambacho ndani yake mamilioni ya swichi ndogo hufungwa na kufunguliwa mara nyingi mno katika sekunde moja, na umeme unaopita humo haupotei bali hugeuka kuwa joto. Prosesa ya Pentium 4 ya mwaka 2004 iliweza kutoa hata wati 115, yaani zaidi ya taa ya zamani ya wati 100 ambayo hakuna athubutuye kuishika ikiwaka, na joto lote hilo lilitoka katika kipande kisichopita milimita 112 za mraba. Joto kama hilo halina budi kuhamishwa, na uhamisho wake una hatua tatu: kwanza hutoka katika prosesa na kupita katika pasta ya joto, ambayo kazi yake ni kujaza nafasi ndogo ndogo zilizomo kati ya nyuso mbili za madini zisizogusana sawasawa, kisha hupanda katika mapezi ya alumini au shaba yaitwayo hitisinki, ambayo hulitandaza, mwisho huchukuliwa na hewa inayosukumwa na feni. Hatua moja ikikatika, hizo nyingine mbili haziwezi kuziba pengo lake.

Haikuwa hivi tangu zamani. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na prosesa iliyofanya kazi pasipo hitisinki wala feni yake yenyewe, na desturi ya kuweka feni juu ya prosesa ilienea katika miaka ya 1990, kadiri kasi ilivyoongezeka. Kasi na joto vikapanda pamoja, na hatari nayo ikapanda. Mwaka 2001 wachunguzi wa tovuti ya Tom's Hardware waliondoa hitisinki juu ya prosesa zilizokuwa kazini: Pentium 4, iliyoundwa na kinga ndani yake, ilipunguza mwendo ikaendelea kuishi, bali Athlon za wakati ule, zisizokuwa na kinga ya namna hiyo, ziliungua kwa muda mfupi mno. Kwa hiyo anayemiliki mashine ya zama hizo yampasa ajue kwanza ni prosesa gani aliyo nayo, kwani moja humwonya mwenyewe kwa uvivu, na nyingine hufa bila kuaga.

Mahali napo pana athari yake. Hewa ya kimo cha mita elfu moja ni nyepesi kuliko hewa ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu 11 katika 100, joto likiwa sawa, kwa hiyo feni ile ile, izungukayo kwa mwendo ule ule, huchukua joto pungufu. Fauka ya hayo, kompyuta haiwezi kupoa ikawa baridi kuliko chumba ilimokaa. Chumba cha mabati chenye nyuzi 33 huipokonya prosesa faida ambayo ingeipata katika chumba cha nyuzi 22. Na vumbi la kiangazi, lile la Desemba hadi Februari na lile la Juni hadi Agosti, huingia na hewa, likajikita baina ya mapezi mpaka likawa kama blanketi, nalo likichanganyika na mafuta ya beringi ya feni hugeuka tope ambalo huishika feni hata isizunguke.

Dalili ni dhahiri kwa mwenye kusikiliza na kutazama. Feni hulia au kukwaruza wiki kadhaa kabla ya kukoma. Kompyuta huwa nzito mchana na nyepesi asubuhi. Kisha hujizima yenyewe baada ya dakika chache, na ikiwashwa upesi hujizima mapema zaidi. Mashine nyingi huandika kwenye kioo, wakati wa kuamka, kwamba feni ya prosesa ina kasoro, na wengi hubonyeza kitufe cha F1 wapite, au huingia katika BIOS, yaani programu inayoiamsha mashine, wakalizima onyo lenyewe, jambo ambalo ni sawa na kumfukuza mlinzi kwa kuwa amepiga kelele.

Tiba huanza kwa kuzima mashine na kuchomoa waya wa umeme. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya rangi, huku feni imeshikwa kwa kidole isizungushwe ovyo. Feni iliyo nzito lakini haijavunjika aghalabu huponywa kwa kubandua karatasi iliyo katikati yake na kutia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia yasitiwe kabisa, kwani hugeuka gundi. Ikiwa imekufa, itafutwe nyingine ya volti 12, hata kutoka katika kompyuta iliyokwisha kuharibika, na ifungwe ikipuliza kuelekea mapezi. Feni ya pini tatu yaweza kuchomekwa mahali pa pini nne, na aghalabu itazunguka kwa nguvu zake zote. Hitisinki ikinyanyuliwa, pasta kavu ifutwe kwa spiriti na mpya ipakwe kidogo tu, maana ikiwa nene hulizuia joto badala ya kulipitisha.

Ikiwa feni haipatikani Bwera leo na gari la Kasese ni la kesho, mwenye kazi ya lazima aweza kupunguza joto penye chanzo chake. Joto hufuata kasi ya prosesa na mraba wa volti zake. Kwa hiyo kasi ikiteremshwa katika BIOS, au katika Windows kwa kushusha kiwango cha juu cha prosesa, wati hupungua sana, na barua itaandikika japo polepole. Ubavu wa sanduku waweza kufunguliwa na feni ya mezani ikaelekezwa ndani, kwa saa chache tu, kwani itapuliza vumbi pamoja na hewa. Lakini kwa Athlon za zamani hata hilo ni kamari, na heri kungoja.

Barafu, kitambaa kibichi na chupa ya maji baridi visikaribishwe asilani, kwani unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya ubao mkuu na umeme hukatiza njia. Wala mtu asijifariji kwamba mashine imeendelea kuwaka. Kapasita, yaani vile vikopo vya kutunza umeme vilivyo kando ya prosesa, hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, na hasara hiyo haionekani mpaka siku ya kuvimba kwake.

Kwa hiyo nasaha kwa walimu wakuu, wenye maduka na wakuu wa afisi ni hii: kompyuta zisafishwe kila likizo, zisiegemezwe ukutani wala kupangwa zikipulizana hewa ya moto, na feni moja ya akiba iwekwe kabatini. Anayeona gharama hiyo kuwa kubwa na ailinganishe na bei ya kompyuta nyingine.